Somo: Moto ulianzia wapi? Misingi ya uchunguzi kabla ya kusema "hitilafu ya umeme"

Kila nyumba, bweni au soko linapoungua, ujumbe unaonifikia ni ule ule: je, ni hitilafu ya umeme au kuna mkono wa mtu? Ninalomjibu mmoja leo huulizwa na mwingine kesho, kwa hiyo nimeliandika mara moja, na kuanzia sasa wote nitawaelekeza hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Tunaposema "chanzo cha moto" tunachanganya mambo mawili, yaani mahali moto ulipoanzia na sababu iliyouwasha. Mchunguzi huyatenganisha, tena kwa mpangilio huo huo, kwani asiyejua moto ulipoanzia hana namna ya kujua kilichouwasha. Hapa la kwanza nitaliita chimbuko, na la pili sababu.

Hatua ya 1. Hakikisha umeme umekatwa na kwamba kuta na kenchi hazitakuangukia.

Hatua ya 2. Zungushia eneo utepe na uandike jina la kila anayeingia.

Hatua ya 3. Piga picha kutoka nje kuelekea ndani, kila chumba kutoka pembe zake zote nne, kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 4. Mhoji kila shahidi peke yake: moshi ulitokea dirisha lipi kwanza, na mlango ulikuwa wazi, umefungwa, au ulivunjwa na waokoaji?

Hatua ya 5. Tafuta chimbuko. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilimuumiza mtu. Miaka mingi iliyopita niliingia katika chumba cha kupanga kilichoungua usiku, nikakuta sakafuni doa jeusi lenye kingo za mawimbi, limesambaa kama maji yaliyomwagika, na kapeti ya plastiki imeliwa hadi kwenye saruji. Niliandika kwamba petroli imemwagwa. Mpangaji, ambaye wiki ile alikuwa amegombana na mwenye nyumba, alikaa mahabusu siku kumi na moja kwa sababu ya sentensi yangu, mpaka majibu ya maabara yalipoonyesha kwamba hapakuwa na petroli hata chembe. Lile doa lilichorwa na godoro la sponji, ambalo likishika moto huyeyuka, hudondoka na kuwaka sakafuni kama dimbwi. Nilimfuata mpangaji yule nikamwomba radhi, lakini siku zile kumi na moja hakuna wa kumrudishia.

Elewa kinachotokea. Moto wa chumbani hujaza moshi wenye joto kali chini ya dari, na tabaka hilo likifika kama nyuzi 600 za Selsiasi, joto linalomulika kutoka juu huwasha karibu kila kilicho chini kwa wakati mmoja. Wazimamoto huita hali hiyo flashova. Baada yake sakafu huungua hata chini ya meza, na alama kali kabisa zinaweza kuwa karibu na mlango au dirisha, kwa kuwa huko ndiko hewa inakoingia, hata kama moto ulianzia kona ya mbali. Mwaka 2005, jijini Las Vegas, wachunguzi 53 walionyeshwa vyumba viwili vilivyoachwa vikiwaka takribani dakika mbili baada ya flashova, wakaulizwa moto ulianzia robo ipi ya chumba. Kwa kila chumba waliopatia ni watatu tu.

Onyo la kwanza: doa la sakafuni lisiitwe petroli kabla maabara haijasema. Onyo la pili: saruji iliyobanduka si ushahidi wa petroli, maana unyevu uliomo ndani yake ukipata joto hutosha kuibandua. Onyo la tatu ni la huko Corsicana, Texas, ambako watoto watatu wa Cameron Todd Willingham walifariki katika moto wa Desemba 1991. Alama za sakafuni na vioo vyenye nyufa vilitolewa mahakamani kuthibitisha kwamba baba yao ndiye aliyewasha, na mwezi Februari 2004 akauawa kwa hukumu ya kifo. Wataalamu waliopitia ushahidi ule, mmoja wao kabla hukumu haijatekelezwa, hawakuona uthibitisho wa kisayansi kwamba moto uliwashwa na mtu.

Hatua ya 6. Fukua kifusi kwa tabaka, kwa koleo dogo na brashi. Kwa kawaida kilicho chini ndicho kilichotangulia kuanguka.

Hatua ya 7. Chukua sampuli katika makopo mapya ya bati yenye vifuniko vya kubana, uyajaze mpaka theluthi mbili ili mvuke ubaki na nafasi, na ubadilishe glavu kwa kila sampuli. Mfuko wa kawaida wa plastiki hupitisha mvuke wa petroli, kwa hiyo usiutumie. Chukua pia kipande cha kapeti au sponji ile ile mahali ambapo hushuku kitu, kwa sababu plastiki ikiungua hutoa kemikali zinazofanana na za mafuta, na maabara lazima iwe na cha kulinganisha.

Hatua ya 8. Orodhesha kila sababu inayowezekana pale kwenye chimbuko, kisha uijaribu kila moja kwa ushahidi. Kukosa sababu nyingine hakuthibitishi kwamba mtu aliwasha, wala hakuthibitishi umeme. Ushahidi usipotosha, andika "sababu haijabainika" na utie saini yako bila haya.

MASWALI

Mwanachama, Tanga: Waya zimekutwa zimeyeyuka. Si umeme huo?

Jibu: Soma tena hatua ya 8. Moto wenyewe unaweza kuyeyusha shaba, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,085.

Mwanachama, Dodoma: Nakutumia picha mbili za duka la shemeji yangu. Niambie nani kachoma, kesho tuna kikao.

Jibu: Sitajibu hilo. Picha mbili hazitoshi kumtaja mtu, na aliyetajwa kimakosa hukaa mahabusu kweli. Wasilisheni jambo hilo polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mwanachama, Dodoma: Naona unakwepa.

Jibu: Sikwepi, ndugu yangu. Hatua ya 5 inaeleza kwa nini.

Mwanachama, Morogoro: Shikamoo mwalimu. Nimerudia jibu la Tanga mara mbili. Waya iliyopigwa shoti inatofautianaje na ile iliyoyeyushwa na moto?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kusoma kwa makini. Shika waya chini ya lenzi. Ulioyeyushwa na moto huwa mwembamba taratibu, ukilegea kama mshumaa kwa urefu wa kutosha. Uliopigwa shoti mara nyingi una kishanga cha mviringo kwenye ncha, na mpaka kati ya palipoyeyuka na pazima huonekana wazi. Hata hivyo kishanga kinakuambia tu kwamba umeme ulikuwepo waya huo ulipoguswa, kwani moto ukila plastiki ya waya wenye umeme, shoti hutokea pia. Faida yake ni nyingine: fuata waya kutoka swichi kuu ukitafuta vishanga, na cha mbali kabisa kinaweza kukusogeza karibu na chimbuko.

Mwanachama, Mombasa: Na nyufa za vioo?

Jibu: Zamani zilisemwa kuwa dalili ya petroli. Majaribio yameonyesha kwamba nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui hutokea kioo chenye joto kinaporushiwa maji.

Mwanachama, Morogoro: Mwalimu, sisi hutumia jenereta ya petroli kwa taa za usiku. Kuna ubaya?

Jibu: Ipo hatari. Iweke mbali, upande upepo unakoelekea, na anayeijaza mafuta asiguse sampuli kabisa. Viatu vyake pia visiingie ndani ya utepe.