Somo: Kumsoma mhusika kwa migongano na kumbukumbu zake (mfano: Mugo)

Swali la "Mugo ni shujaa au msaliti?" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naandika jibu hapa mara moja. Riwaya ni A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1967. Kama hujaimaliza, ishia hapa.

1. Soma riwaya yote. Muhtasari hautoshi.

2. Gawa ukurasa wa daftari: kushoto wanayosema watu juu yake, kulia anayotenda mwenyewe. Watu wa Thabai, kijiji chake, wanataka ahutubie sherehe za Uhuru wa Kenya, Desemba 1963. Yeye anataka aachwe alime.

3. Usisuluhishe migongano. Aliyejitosa kwenye mtaro ambao wanakijiji walilazimishwa kuchimba, amkinge mwanamke aitwaye Wambuku na mjeledi, ndiye aliyempeleka Kihika, mpiganaji wa Mau Mau, kitanzini. Yaache yote mawili.

4. Kumbukumbu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilizipanga kwa miaka: utoto kwa shangazi, Kihika, mtaro, kizuizini, kurudi. Nikapata wasifu safi, Mugo akanitoka. Mwandishi alivuruga mpangilio makusudi, mimi nikaunyoosha! Rudi ukurasa wa kwanza. Mugo yumo ndotoni, amelala chali. Tone la maji linaning'inia juu yake, linanenepa, linachafuka kwa masizi, linamshukia, naye hawezi kufumba macho wala kugeuza kichwa. Hatujajua kosa lake bado, ila mwili wake unalijua. Punde anamkumbuka shangazi yake mlevi, Waitherero, aliyemdhalilisha hadi akatamani kumnyonga. Usiku ule Kihika alipoingia kibandani mwake tunaupata karibu na mwisho. Aliyotendewa yanamjia upesi, aliyotenda yanachelewa. Kuchelewa huko ndiko tabia yenyewe.

Kwa kila kumbukumbu andika: imeamshwa na nini, inakatikia wapi, imeruka nini. Na tafadhali, usiichukue kama ushahidi wa mahakamani. Mtu hukumbuka kwa kujitetea.

MASWALI

Swali: Naomba sifa tano za Mugo, nakabidhi kesho.
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Kwa hiyo unamtetea msaliti?
Jibu: Wapi nimemtetea? Nimesema yaache yote mawili. Soma tena hatua ya 3.

Swali: Kinachonisumbua ni kwamba Gikonyo, fundi seremala, na mkewe Mumbi wote wanakwenda kumwaga siri zao kwa Mugo. Kwa nini yeye?
Jibu: Swali zuri sana, ahsante. Ukimya wake wanauona ni hekima, kumbe ni woga. Kila anayemfungulia moyo anamwongezea mzigo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye siri nzito kuliko wote. Ndiyo maana naamini kukiri kwake mbele ya umati hakukuja ghafla. Kulianzia kwenye maungamo ya wengine. Ongeza safu ya tatu daftarini: nani anamwambia nini, na yeye anajibu nini. Mara nyingi utaiacha tupu.

Swali: Nasoma kwenye simu, sina pa kupigia mistari.
Jibu: Andika namba ya sura na maneno matatu ya kwanza ya aya. Yanatosha kuipata tena.

Swali: Nikitaka kujizoeza kwa mhusika mwingine?
Jibu: Mchukue Gikonyo. Kizuizini alikiri kiapo cha Mau Mau kwa hamu ya kumrudia Mumbi, kisha akashindwa kumsamehe kwa mtoto aliyezaa na Karanja, kibaraka wa wakoloni. Fuatilia kigoda anachotaka kumchongea. Anakiwaza tangu kizuizini, na mwishoni, akiwa kitandani hospitalini, anaibadilisha sura ya mwanamke atakayemchonga kwenye kigoda hicho: sasa ni mjamzito.