Somo: Sandboksi au kugandisha diski? Kipi kinalinda kompyuta yako, na wakati gani

Wakuu, habari zenu. Maswali ya "nitumie Sandboxie au Deep Freeze" yamekuwa mengi, na wengi mnavichukulia kama vitu vya aina moja. Sivyo: Sandboxie ni programu ya sandboksi, Deep Freeze ni ya kugandisha diski. Sandboksi inatupa programu. Kugandisha kunatupa siku nzima. Ukishalielewa hilo, kuchagua ni kazi ndogo.

Sandboksi ni chumba cha pembeni. Programu unayoitilia shaka inaendeshwa humo, na chochote inachotaka kuandika kwenye diski kinaishia humo humo. Ukifuta chumba, umeifuta na takataka zake zote, huku kompyuta nzima ikiendelea na mambo yake.

Kugandisha hakuangalii programu ipi. Unafanya kazi kama kawaida, ila kila kinachoandikwa kwenye diski iliyogandishwa kinawekwa kando kwa muda. Ukizima na kuwasha, kimetoweka.

Halafu kuna System Restore ya Windows, iliyokuja na Windows Me mwaka 2000, ambayo watu huichanganya na hiyo ya pili. Yenyewe haigandishi chochote. Inatunza hali ya faili za mfumo, rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), madraiva (programu zinazoendesha vifaa) na programu, ili baadaye uamue mwenyewe kurudi nyuma. Nyaraka na picha zako haizigusi.

Hatua ya 1: Safisha kwanza, weka bakapu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Ukigandisha kompyuta yenye virusi, umevigandisha navyo: kila ukiwasha, vinarudi vibichi kabisa, hata kama jana uliviondoa. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, kwenye Scan options chagua uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima, ijiwashe na kuchunguzwa kabla Windows haijaamka, wakati virusi havina pa kujificha. Ikiisha, nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, kinachoshambulia kompyuta kitaifikia nayo.

Hatua ya 2: Windows Sandbox

Hii ni sandboksi ya Windows yenyewe. Ilianza na Windows 10 toleo la 1903, mwaka 2019. Ipo kwenye Windows za aina ya Pro, Enterprise na Education; Home haimo. Inataka angalau RAM ya GB 4, lakini kwa GB 4 utaona inavyojikokota. Anza na 8.

Fungua Task Manager, kichupo cha Performance, bofya CPU, tazama mstari wa Virtualization. Kama haujaandikwa Enabled, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uwashe Intel VT-x, au SVM kwa wenye AMD. Kisha andika "windows features" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua orodha inayotokea, weka tiki kwenye Windows Sandbox, washa upya.

Ukiifungua utaona Windows nyingine mpya kabisa ndani ya dirisha. Nakili faili unayoishuku kutoka nje, ibandike ndani, iendeshe. Ukifunga dirisha, vyote vilivyomo vinafutwa na havirudi.

Tahadhari: kwa kawaida sandboksi hii ina intaneti. Kama unataka kujaribu kitu bila kukipa njia ya kuwasiliana na aliyekituma, fungua Notepad, andika mstari huu, uhifadhi kwa jina linaloishia .wsb, kisha ifungue hiyo faili badala ya kufungua Sandbox yenyewe:

<Configuration><Networking>Disable</Networking></Configuration>

Hatua ya 3: Sandboxie-Plus, kwa wenye Home au kompyuta yenye nguvu ndogo

Hii ni ya siku nyingi. Imepita mikononi mwa kampuni kadhaa hadi Sophos ilipoweka msimbo wake wazi kwa yeyote kuutumia mwaka 2020, na sasa inaendelezwa kama Sandboxie-Plus. Haijengi Windows ya pili, kwa hiyo ni nyepesi sana. Isakinishe, kisha bofya kulia programu yoyote na uchague Run Sandboxed. Dirisha litazungukwa na mstari wa rangi, ndiyo alama yako kwamba uko chumbani.

Faili ulizopakua ukiwa humo hazitaonekana kwenye Downloads ya kawaida. Zimo kwenye folda ya Sandbox katika diski C. Zitoe kwa kuchagua mwenyewe, moja moja, na usitoe ile uliyoingia humo kuijaribu.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa mipangilio ya kawaida, programu iliyomo ndani ya Sandboxie haiwezi kuharibu faili zako, lakini inaweza kuzisoma nyingi. Kama ina intaneti, inaweza kuzituma. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, ufunge intaneti na uzuie folda zenye mambo yako ya siri.

Hatua ya 4: Washa System Restore

Fupi. Tafuta "create a restore point", chagua diski C, bofya Configure, iwashe, uipe asilimia 5 hadi 10 ya diski, bofya Create. Kazi yake ni siku draiva mpya inapoleta skrini ya bluu au sasisho linapovuruga mambo. Kwa virusi usiitegemee: virusi vingi vya kuteka faili (ransomware, vinavyofunga faili zako na kudai pesa) huanza kwa kufuta alama za kurudia (restore points) kabla havijafanya lolote lingine.

Hatua ya 5: Kugandisha

Deep Freeze, Shadow Defender na Reboot Restore Rx ndizo zinazotajwa sana. Zinafaa kompyuta inayotumiwa na watu wengi: maktaba, darasa, chumba cha wageni.

Gawa diski iwe C na D. Nyaraka zote zihamie D. Gandisha C peke yake. Kisha panga muda wa kuyeyusha, yaani kuondoa ugandishaji kwa muda, mfano usiku mmoja kwa wiki, ili Windows na antivirusi vijisasishe. Usipopanga, sasisho litapakuliwa leo, lifutike, lipakuliwe tena kesho, na intaneti yako itaisha bure.

Nikiri moja. Niliwahi kuandika ripoti saa nne nzima kwenye Desktop ya mashine niliyoigandisha mwenyewe. Desktop iko C. Nikazima, nikaenda kulala kwa amani. Ripoti ikapotea. Tangu siku hiyo picha ya nyuma ya Desktop kwenye mashine zangu zilizogandishwa ni nyekundu, inikumbushe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikigandisha si naweza kuachana na antivirusi?

Hapana ndugu. Kugandisha kunafuta ukishawasha upya. Programu inayonasa paswedi haihitaji kukaa hadi kesho. Dakika tano ukiwa kwenye akaunti ya benki zinaitosha. Na diski D yako haijagandishwa, kwa hiyo virusi vya kuteka faili vitaila kama kawaida.

Swali: Nimejaribu programu ndani ya Windows Sandbox, haikufanya kitu kibaya. Naweza kuisakinisha sasa?

Si lazima iwe salama. Baadhi ya virusi huchungulia kwanza viko wapi. Vikigundua ni kompyuta bandia vinatulia, vingine husubiri siku kadhaa. Ikifanya ubaya humo umepata jibu. Ikitulia hujapata jibu, kwa hiyo angalia imetoka wapi na nani kaisaini (sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza).

Swali: Habari mwalimu. Flashi yangu imegeuza folda zote kuwa shotikati. Nikiifungua kwenye mashine iliyogandishwa itapona?

Mashine itapona, flashi haitapona, dada. Flashi haimo kwenye C. Usibofye hizo shotikati. Kwa kawaida folda halisi zimefichwa tu. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze Enter. Zikitokea, nakili nyaraka zako tu, uache faili za .vbs, .lnk na .exe usizozijua, kisha ifomati.

Swali: Naweza kutumia Sandboxie na Shadow Defender pamoja?

Unaweza. Sakinisha Sandboxie na umalize mipangilio yake kabla hujagandisha, la sivyo kesho haitakuwepo. Folda ya Sandbox ikibaki C itajisafisha yenyewe kila ukiwasha, na wengine wanaipenda hivyo. Ukitaka vilivyomo vibaki, ihamishie D.

Swali: Nina Home, RAM GB 4, natumia peke yangu. Nichukue nini?

Sandboxie-Plus kwa vitu vya mashaka, System Restore iwe imewashwa, bakapu kwenye diski ya nje. Kugandisha kutakusumbua tu, utakuwa unayeyusha kila siku ili kuhifadhi jambo dogo.