Tundu, kipini, flipa au kipingo: namna ya kupima kisu cha kukunja kinachofunguka kwa mkono mmoja

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipangia visu vitatu vya kukunja mezani akaniuliza, "Mjomba, nichukue kipi?" Anaanza kazi ya mashua, na huko mkono mmoja haukosi cha kushika: kamba, ukingo wa chombo, wavu uliojaa. Kisu kinachotaka mikono miwili hakimfai. Tulivipima hivi.

Hatua ya 1: Funika makali

Zungushia makali utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi. Utafungua kila kisu mara nyingi, na mkono uliochoka hukosea.

Hatua ya 2: Jua kinafunguliwa na nini

Tundu ni la duara, limetobolewa kwenye bapa karibu na mpini. Gumba linakamata ukingo wake na kusukuma. Kampuni ya Spyderco ya Colorado, Marekani, ililitumia mwaka 1981 kwenye kisu chake cha kwanza, Worker, na kwa mkono uliolowa sijaona cha kulishinda.

Kipini kinatokeza ubavuni mwa bapa kama kipini cha puani. Kikiwa kikubwa na chenye mikwaruzo kinafaa. Kikiwa kidogo na laini, gumba lenye ute wa samaki linateleza, na linakoelekea ni kwenye makali.

Flipa ni kikono kinachochomoza mgongoni mwa mpini kisu kikiwa kimefungwa. Unakivuta kwa kidole cha shahada, bapa linaruka, na kikono hicho hicho kinageuka kizuizi mbele ya vidole. Hicho kizuizi nakipenda sana.

Kipingo ni kijiti cha chuma kinachopita mpini upande hadi upande. Ukikivuta nyuma bapa linakuwa huru, unatikisa kifundo cha mkono linatoka. Kampuni ya Benchmade walikileta kwa jina la Axis kwenye kisu chao cha 710, mwaka 1998. Mnaotumia mkono wa kushoto, anzieni hapa, kwa kuwa pande zote mbili ni sawa.

Ipo pia ndoano ya mgongoni mwa bapa, Wave ya fundi visu Ernest Emerson, inayonasa ukingo wa mfuko ili kisu kifunguke kikiwa kinachomolewa. Ni ya haraka kweli, lakini kwenye chombo kinachoyumba sitaki kisu kiwe wazi kabla mkono haujatulia. Na inachana suruali.

Vya springi vinavyojirusha kwa kitufe sikumpimia.

Hatua ya 3: Flipa ikigoma, tazama vidole kabla ya kushika bisibisi

Hapa nilipoteza jioni nzima. Nilikuwa na kisu cha flipa, na kila nikivuta bapa lilitoka nusu au halikutoka kabisa. Nikalegeza skrubu ya katikati, ile ambayo bapa linaizunguka. Nikakifungua chote, nikakiosha, nikatia mafuta, nikakirudisha. Nikalegeza tena hadi bapa likawa linacheza huku na huku. Hola. Mdogo wangu akapita, akakichukua, kikaruka mara ya kwanza. Akarudia mara tano, sita. Ndipo nikatazama vidole vyake: vitatu vya mwisho vilikaa nyuma kabisa ya mpini. Vyangu vilikuwa vimebana katikati, juu ya ulimi wa kufuli.

Ubavu mmoja wa mpini, au bamba jembamba la ndani yake, umechanwa ukawa ulimi. Kisu kikifunguka, ulimi unaingia nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi. (Ulimi uliochongwa kwenye mpini wenyewe alituletea fundi visu Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, kwa kisu chake Sebenza, jina ni la Kizulu, maana yake kufanya kazi.) Kwenye ulimi huo mna gololi ndogo kuliko punje ya mtama. Kisu kikifungwa, gololi inatua kwenye kijishimo cha bapa, na ndiyo inayozuia kisu kisijifungue mfukoni. Flipa inaishi kwa gololi hiyo: kidole kinasukuma, gololi inashikilia, kisha inaachia kwa ghafla na bapa linaruka. Ukiubana ulimi, unaikandamiza gololi ndani ya shimo lake.

Kwa hiyo geuza kisu, tafuta ulimi uko upande gani. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kwa kawaida uko upande wa vidole, na mara nyingi klipu, kibanio cha kukishikiza mfukoni, nayo iko huko huko; ukibana klipu umebana ulimi. Kwa wa kushoto, gumba ndilo linalokaa juu yake. Sogeza vidole nyuma. Kisha vuta flipa kwa mpigo mmoja kuelekea kiganjani. Ukivuta polepole, kidole kinaishiwa njia na bapa linabaki nusu.

Bado inagoma? Sasa chukua bisibisi ya nyota, mara nyingi ya saizi T8. Geuza skrubu kidogo sana, moja ya nane ya mzunguko, jaribu, tikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza umepitiliza. Ukipata mahali pake na skrubu haitulii, tia gundi ya bluu ya kushikiza nyuzi za skrubu, tone la ncha ya pini, kwenye nyuzi tu. Ikiingia kwenye washa, vile vibati vya duara vilivyo kati ya bapa na mpini, bapa litakuwa zito. Usiguse ile nyekundu.

Na ukifanya kazi mchangani, chagua washa za shaba kuliko beringi. Beringi ni laini ajabu dukani, lakini chembe za mchanga zikiingia kati ya gololi zake utazisikia zikisaga.

Hatua ya 4: Lowesha mkono

Maji ya sabuni yanatosha kuiga ute wa samaki. Fungua kila kisu mara 20, kisha badili mkono. Tundu halikumkosa mpwa wangu hata mara moja. Kipingo kilimteleza mara chache. Flipa, ambayo mkono ukiwa mkavu ndiyo aliyoipenda, ilimshinda karibu nusu.

Hatua ya 5: Kifunge, kwa mkono ule ule

Kipingo kinashinda hapa, maana vidole havipiti njia ya makali. Kwa ulimi, gumba linasukuma ulimi kisha linaondoka kabla bapa halijashuka.

Mlio ng'ambo, angalieni sheria kwanza. Uingereza, kisu cha mfukoni kisichohitaji sababu ni cha kukunja, kisicho na kufuli ya kushika bapa likiwa wazi, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Ujerumani, tangu 2008 huruhusiwi kutembea na kinachofunguka kwa mkono mmoja na chenye kufuli hiyo, ila kwa sababu halali kama kazi.

Mpwa wangu alichukua chenye tundu. Nikampa na kichupa cha mafuta ya cherehani: akitoka baharini akioshe kwa maji yasiyo na chumvi, akikaushe, atie tone moja kwenye skrubu ya katikati. Ya kupikia asitie, yanaganda.