Umefungiwa kwa Dawa? Fanya Haya Kabla Hujaiuza Baiskeli

Barua ya kesi ya dawa haramu za michezo imefika, jina lako limesomwa redioni, na kijiweni wameshakupa cheo cha mwizi. Mimi ni kocha wa baiskeli za mashindano hapa Arusha. Vijana wangu hupanda barabara ya Monduli alfajiri, kabla malori hayajaanza kusumbua. Wakiniuliza kama mtu aliyefungiwa anaweza kurudi, siwapi mahubiri. Nawapa kesi ya David Millar, mwendesha baiskeli wa Uingereza, maana huyo alipita njia yote, kwenda na kurudi.

Millar ni Mskoti aliyezaliwa Malta mwaka 1977, na ujana wake mwingine ukapita Hong Kong. Julai 2000, akiwa na umri wa miaka 23 na akishiriki Tour de France, mbio kubwa ya baiskeli ya Ufaransa inayoendeshwa kwa hatua za siku mojamoja, kwa mara ya kwanza, alishinda mbio za kushindana na saa za kilomita 16.5 pale Futuroscope. Alimwacha Mmarekani Lance Armstrong kwa sekunde 2 akavaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza. Mwaka uliofuata akaanguka siku ya kwanza ya Tour, pale Dunkirk, na baadaye akajitoa. Timu ilikuwa inamtegemea, naye alikuwa kiongozi wa timu kubwa ya Kifaransa akiwa bado kijana. Mwaka huohuo akaanza EPO, dawa inayoufanya mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi ili misuli ipate hewa zaidi. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa mbio za saa, Hamilton, Canada.

Sasa sikiliza hili, maana vijana wengi hawalijui: hakuna kipimo kilichomnasa. Juni 2004 polisi wa Ufaransa walimkamata akiwa mezani anakula chakula cha jioni karibu na Biarritz, wakapekua nyumba yake, wakakuta sindano zilizotumika kwenye rafu ya vitabu. Mwanzoni alikana. Baadaye, bado akiwa mikononi mwa polisi, alikiri kutumia EPO mwaka 2001 na 2003. Akafungiwa miaka 2 na kuvuliwa ubingwa wa dunia. Kwa hiyo anayekwambia "mbona nilipimwa nikaonekana safi", mwambie hata Millar alikuwa safi kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza kwako ni kusoma barua hiyo mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na mtu anayejua sheria. Usimtumie binamu anayejua Kiingereza. Barua ina tarehe za mwisho, na tarehe hizo hazisubiri mtu. Kama ulinaswa na kipimo, una haki ya kuomba sampuli yako ya pili ya mkojo au damu, ile inayoitwa B, ifunguliwe na kupimwa. Una haki ya kusikilizwa, na una haki ya kukata rufaa. Kama unajua moyoni kwamba ulitumia, fanya hesabu hii: chini ya Kanuni ya Dunia ya kupambana na dawa haramu michezoni iliyoanza kutumika 2021, mwenye kosa la kufungiwa miaka 4 au zaidi akikiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 baada ya kupewa shtaka, hupunguziwa mwaka 1. Mwaka mmoja kwa mwendesha baiskeli wa miaka 27 ni kitu kikubwa sana. Nimeona watu wakiuchezea kwa kungoja "mzee fulani" awasaidie chamani.

Ukikiri, kiri yote. Nusu ya ukweli ndiyo inayomaliza watu. Armstrong alikana miaka na miaka, akawashtaki mahakamani waliomsema, na mwisho wake mwaka 2012 akapoteza mataji yote 7 ya Tour na kufungiwa maisha. Millar alitaja alichotumia na miaka aliyotumia, akalipa, na mlango ukabaki wazi kidogo. Simwoni kuwa malaika. Ninachosema ni kwamba aliyeeleza yote hana kitu kingine cha kuvumbuliwa kesho.

Halafu kuna muda wa adhabu wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kufungiwa maana yake huruhusiwi kushiriki kwa nafasi yoyote kwenye shughuli zilizo chini ya chama: si kushindana tu, hata kuwa kocha au mwamuzi kwenye bonanza la mkoa lenye kibali cha chama. Ukivunja, unaongezewa adhabu mpya yenye urefu uleule. Mazoezi ya peke yako barabarani hakuna anayekukataza. Kurudi kufanya mazoezi na timu kunaruhusiwa mwishoni: miezi 2 ya mwisho, au robo ya mwisho ya adhabu, kutegemea upi ni mfupi. Na bado unaweza kupimwa wakati wowote, hata kama huna mbio. Wakibisha hodi, fungua.

Fedha zitakauka haraka. Millar alipoteza mkataba, akapoteza nyumba, akabaki na madeni ya kodi na chupa za pombe. Kilichomwokoa ni watu wachache sana. Dave Brailsford, wa chama cha baiskeli cha Uingereza, alikuwa naye mezani usiku ule wa kukamatwa, na hakumkimbia. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja asiyehitaji ushindi wako. Mama, kaka, mchungaji, fundi wa baiskeli, yeyote. Yule aliyekupa dawa hafai, hata kama anajiita daktari. Na tafuta kazi, ya aina yoyote. Kijana anayeshinda nyumbani akisoma maoni ya watu kwenye simu hatafika mwaka wa pili.

Wakati huohuo safisha kabati. Tramadol, ile ya maumivu ambayo vijana huinunua kama pipi, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu 1 Januari 2024. Sindano za deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, nazo hazikubaliki siku za mbio. Virutubisho vya kopo vinavyouzwa bila maelezo ya maana, acha kabisa. "Sikujua" haikuondolei kosa, kwani kinachokutwa mwilini mwako ni chako. Ukiumwa kweli, mwambie daktari wewe ni mwanamichezo, na kama dawa inayohitajika ipo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku, omba kibali cha matibabu kabla ya kuitumia, isipokuwa iwe dharura.

Kuhusu mbio ya kwanza, mimi sikubaliani na Millar. Adhabu yake ilikwisha siku chache kabla ya Tour de France ya 2006, akaingia moja kwa moja. Hakushinda hata hatua moja. Septemba ndipo aliposhinda mbio za saa Cuenca, kwenye Vuelta, mbio kubwa ya Hispania. Wewe huna mwili wa Millar wala timu yake. Anza na mbio ndogo, za kilomita 80 hivi, kaa ndani ya kundi, maliza. Fanya hivyo msimu mzima kama inabidi.

Na usitegemee kila mlango ufunguke siku adhabu inapoisha. Kamati ya Olimpiki ya Uingereza ilikuwa na kanuni yake ya kumfungia maisha mtu wa aina hii, na Millar aliendelea kuwa nje ya Olimpiki hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipoifuta kanuni hiyo Aprili 2012. Akaenda London mwaka huohuo. Wiki chache kabla yake, tarehe 13 Julai, alishinda hatua ya Tour akiwa na miaka 35. Hesabu mwenyewe imechukua muda gani tangu 2004.

Ukiulizwa na mwandishi, au na kijana mwenzako kwenye mstari wa kuanzia, jibu kwa sentensi mbili: nilitumia kitu fulani mwaka fulani, nimetumikia adhabu. Kisha bana breki zako uone kama zinashika, angalia upepo wa tairi, na usubiri filimbi.