Kupaka silika sileni kabla ya epoksi: maji ndiyo yatakayokutesa

Mwanafunzi mmoja aliniletea kibamba cha epoksi kilichojaa vidoa vyeupe. Silika yake (unga mwembamba mno wa kuimarisha epoksi), ya nanomita 12, ilikuwa tupu, haijapakwa sileni, kemikali inayoiunganisha na epoksi. Chembe hizo zimejaa OH (vikundi vya oksijeni na hidrojeni) juu yake, hivyo hushikana zenyewe kwa zenyewe: resini (epoksi ikiwa bado majimaji) inakuwa uji mzito, mapovu hayatoki, na kibamba kikivutwa kinapasukia kwenye donge. Tulirudia hivi.

1. Pima. Silika gramu 5, yenye mita za mraba 200 kwa gramu, ni mita za mraba 1,000 za kufunika. Gramu moja ya APTES (sileni tuliyotumia, yenye amini, yaani kundi la nitrojeni, upande mmoja) hufunika kama 353, kwa hiyo weka gramu 2.8.

2. Kausha. Usiruke hapa. APTES ina mikono mitatu ya ethoksi. Maji kidogo huigeuza kuwa OH, nayo ndiyo inayong'ang'ania silika. Maji yakizidi, sileni inashikana yenyewe na silika inabaki mtazamaji. Mimi niliwahi kuamini toluini (kiyeyusho cha kazi hii) ya chupa iliyokaa wazi msimu wa mvua. Asubuhi nikakuta kitu kama ugali uliolala, na siku tatu zikaenda na maji. Sasa silika inalala kwenye oveni ya 120°C, kisha inapoa ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, si mezani. Unyevu mdogo unaobaki juu yake unatosha. Wala usipandishe hadi 400 kwa bidii: ukivuka 200 hivi, OH zenyewe huanza kuondoka, na sileni haitakuwa na pa kushika.

3. Chemsha silika na APTES kwenye toluini kavu usiku mmoja, mvuke ukipozwa na kurudi chupani.

4. Osha kwa ethanoli, zungusha kwenye sentrifyuji, rudia. Mara ngapi? Usihesabu, tumia ninihidrini, kemikali inayogeuka zambarau ikikuta amini: ethanoli ya kuoshea ikipashwa moto nayo isigeuke zambarau, lakini unga ugeuke. Sileni huru ikibaki hulainisha epoksi, na utailaumu silika bure.

5. Isikauke ikawa jiwe. Ikiwa bado mbichi, itie kwenye asetoni, piga mawimbi ya sauti kwa mashine ya fimbo (ile ya beseni naiachia miwani), chombo kikiwa kwenye barafu. Changanya na resini, fukuza asetoni yote, ndipo uweke kigandishi (kinachofanya epoksi igande). Usikawie: amini za juu ya silika zinaanza kuuma epoksi kabla yako, na mchanganyiko wa jana utaukuta mzito.