Mmeoana juzi na mnatumwa umisheni porini? Jipangeni hivi

Tulifunga ndoa mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza tukawa tumeshuka kwenye lori la mnadani huko Simanjiro na godoro letu, masufuria ya zawadi za harusi bado yana stika, mume wangu ana barua ya uinjilisti mfukoni na mimi nimebeba cherehani mapajani kama mtoto. Sasa hivi kila wiki kuna mdada kachumbiwa na mwinjilisti ananipigia, "dada mnaishije huko?", nimechoka kurudia nikaona niandike mara moja. Naongelea Umasaini maana ndo nakokujua, ila hata kama mnapelekwa visiwani Ukerewe mengi yatawafaa, penye ng'ombe wekeni samaki.

Ninachowaambia wote ni kwamba huduma ya wanandoa wachanga ikifa mara nyingi inafia jikoni, sio madhabahuni. Mtu anakaa chuo cha Biblia miaka anajua kuchambua Warumi sura kwa sura ila hajui akifika atakunywa maji gani. Kwa hiyo naanza na maji.

Mkifika tu, kabla hata ya kufungua mabegi, ulizeni maji yanatoka wapi na msimu gani yanakauka. Kwetu ilikuwa kisima kilomita kama nne, madumu ya lita 20, punda anabeba manne na ukimwonea huruma mawili, na maji yenyewe ya chumvi chumvi hivi chai hainyweki. Ila chumvi sio shida kubwa, shida ni madini ya floraidi. Huku Arusha na Manyara maji mengi ya ardhini yana floraidi nyingi, ndo maana unakuta watu wana meno ya kahawia, na kwa mtoto mdogo ikizidi sana inafika mpaka mifupa. Na msidanganyike kwamba mkichemsha inaondoka, kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi inabaki palepale na maji yakipungua kwenye sufuria ndo inakolea. Hata magadi ya kulainishia maharage nayo mengi yanayo, mimi niliacha kabisa.

Dawa ni mvua. Hesabu yake rahisi, mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye bati la mita moja ya mraba mnapata lita moja. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, mita kama 30 za mraba, mvua ya milimita 20 ikipiga ni lita 600, toa kidogo inayomwagika pembeni bado una maji ya wiki kadhaa ya kunywa na kupikia. Kwa hiyo hela ya kwanza ya zawadi ya harusi msinunue sofa, nunueni simtanki ya lita 1000 na mfereji wa bati, fungeni kabla vuli haijaanza mwezi wa kumi na moja. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati imwagike, ile ina vumbi na kinyesi cha ndege. Baada ya hapo kingeni, chemsheni au tieni dawa, hayo ndo ya kunywa, ya kisimani yaogeeni na kufulia.

Haya, hela. Hapa ndo nitakaa kidogo maana hapa ndo tuliumia. Kanisa lililotutuma lilituahidi posho kwa mdomo, siku ya kutuaga watu wakapiga vigelegele, posho ya kwanza ikaingia mwezi wa tatu. Sisemi walikuwa wabaya, walikuwa hawana. Ila sisi tulikuwa hatujauliza. Kwa hiyo kabla ya ibada ya kuwaaga, kaeni na wazee wa kanisa mezani mpewe kwa maandishi: posho shilingi ngapi, inaingia tarehe ngapi, kwa simu ya nani, mafuta ya pikipiki juu ya nani, mtu akilazwa nani analipa, na likizo lini. Wachumba wengi wanaona aibu, wanahisi ni kukosa imani. Mbona mahari mlijadili mpaka usiku?

Halafu muwe na kazi ya mikono. Akila na Prisila wale wa kwenye Matendo walikuwa mume na mke, wanashona mahema, Paulo mwenyewe kakaa kwao akashona nao, na hakuna aliyesema wamepungukiwa upako. Mimi cherehani yangu imetulisha ile miezi mitatu yote, nashona sare za shule, napindia wamama vitambaa, na zaidi ya hela imeniletea watu. Mama ambaye asingekanyaga kanisani alikuja kushonewa akakaa masaa mawili tunapiga stori. Mume wangu yeye alifuga kuku na akajifunza kufunga sola, paneli na betri na nyaya, ukijua hiyo porini wewe ni mtu muhimu kuliko mchungaji.

Sadaka mjue itakuja kwa namna yake. Maziwa kwenye kibuyu, mayai, siku nyingine mbuzi mzima kafungwa kwenye mti wakati wa mahubiri analia kuliko kwaya. Baada ya ibada mnafanya mnada wa sadaka, yai moja linaweza kuuzwa mara nne maana anayenunua anarudisha liuzwe tena. Hela ya mnada ni ya kanisa. Ya kanisa. Wekeni daftari lake peke yake, mzee wa kanisa ahesabu na nyie mkiangalia, asaini, hata kama ni elfu tatu. Njaa ikiwakaba mkajisemea tunaazima tu tutarudisha posho ikiingia, mmeshaanza safari nyingine.

Majirani wataomba, na nyie mtaomba, ndo maisha ya kule. Sukari, chumvi, kiberiti toeni bila kuhesabu. Hela taslimu tulikubaliana hakuna anayetoa peke yake, jibu letu ni "ngoja niongee na mwenzangu", yeye ananitumia mimi kisingizio na mimi namtumia yeye, na kweli tunaongea usiku. Hiyo sentensi imetuokoa mara nyingi sana.

Sasa nyumba. Nyumba ya mwinjilisti sio yenu, jizoesheni mapema. Saa kumi na mbili asubuhi mtu ameshakaa kwenye kigoda nje anasubiri muamke, na wengine hawapigi hodi wanaingia tu wanakaa kimya, kimya cha Kimasai sio ugomvi, ni heshima, mpe chai ya maziwa ataongea akiwa tayari. Mwanzoni nilikuwa nachukia jamani, nafunga mlango nalia. Kilichotusaidia ni kuchagua saa moja ambayo ni yetu. Asubuhi ilishindikana, jioni ng'ombe wanarudi na watu ndo wanapita kusalimia, tukaangukia saa tatu usiku, tunazima taa, simu tunaweka mbali, tunakaa nje nyuma ya nyumba kwenye mkeka. Zaburi moja, kila mtu anasema kitu kimoja kilichomuuma siku hiyo na kimoja cha shukrani, tunaomba, basi. Sio zile ibada za kumhubiria mwenzako, mume wangu alijaribu wiki ya kwanza, nikamwambia baba mimi sio usharika. Siku mkiwa mmechoka ombeni sala ya Bwana mkalale, msiache kabisa tu.

Na kugombana mtagombana. Ukuta wa udongo hauna siri. Tuligombana mara moja kwa sababu ya koki ya simtanki iliyoachwa wazi usiku, tukawa tunanong'ona kwa hasira kama nyoka wawili, asubuhi yule bibi jirani kaja na kibuyu cha maziwa ananiuliza kwa Kiswahili chake, "maji ilibaki?" Toka siku hiyo ugomvi mkubwa tunaupeleka mnadani, tunapanda pikipiki tunaenda kununua mboga, tunagombana njiani kwenye upepo, tukifika tunakula nyama choma tunarudi. Gharama yake ni lita moja ya petroli.

Kuhusu kijiji. Siku ya kwanza barua ya utambulisho ipelekeni kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, halafu siku hiyohiyo au kesho yake nendeni kwa laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamasai, msimruke, hata kama ofisini wamewagongea muhuri. Kaeni msikilize. Miezi mitatu ya kwanza msianzishe kitu, wala kwaya, wala mradi, wala semina ya ndoa, semina ya ndoa ndo kabisa, mna ndoa ya miezi minne mnamfundisha nini mzee mwenye wajukuu thelathini.

Jifunzeni salamu kabla ya mahubiri. Mwanaume unamwambia supai, anajibu epa. Mwanamke takwenya, anajibu iko. Mama mtu mzima muite yeyo, bibi muite koko. Watoto wanakuja wanainamisha kichwa, unawagusa utosini, usimpe mtoto mkono wa kushikana kama mtu mzima utamchanganya. Wana neno lao enkanyit, ndo adabu na heshima kwa pamoja, ukionekana huna hiyo hata uhubiri kama malaika hawakusikii. Sisi tulikuwa tunashika maneno matano kwa siku, tunayaandika kwa mkaa ukutani jikoni, mgeni akiingia anatusahihisha na kucheka na hapo ndo urafiki ulipoanzia. Biblia nzima ya Kimasai ipo tangu 1991, nunueni hata kama hamwezi kuisoma, mpeni kijana anayejua kusoma asome ibadani, watu wanavyokaa wima wakisikia Neno kwa lugha ya mama yao ni kitu kingine.

Mkalimani mpeni mistari na stori jana yake, msimshtukize. Sentensi fupi. Mume wangu Jumapili ya kwanza alitaja "kuhesabiwa haki kwa imani", mkalimani akanyamaza muda mrefu halafu akasema maneno mawili na watu wakaitikia kwa furaha, mpaka leo hatujui aliwaambia nini. Simulieni habari za mchungaji na kondoo aliyepotea, hapo hamtahitaji kueleza sana, wao ndo watawaeleza nyie.

Saa ya ibada sio saa nne. Ibada ni ng'ombe wakishatoka na wamama wakishakamua na kuleta maji, kaeni chini ya mgunga wenu msubiri. Na kiangazi, kuanzia kama mwezi wa saba mpaka mvua zije, mtashangaa kanisa limebaki na mabibi sita, msifunge kuomba mkidhani ni shetani, vijana wamehamia ronjo, kambi ya muda ya mifugo, kufuata majani. Mwinjilisti naye achukue blanketi awafuate, alale huko siku mbili tatu. Mkewe akibaki peke yake aite msichana wa jirani alale naye. Na mwenye kuombewa akiwa ni mama peke yake, mwende wawili au mwende na mzee wa kanisa, hili hata sielezi.

Mtaulizwa mtoto. Mwezi wa pili tu watu wanaangalia tumbo. Kule mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, asipokuwa naye hawajui wamuiteje, mimi walinipa jina la "mama kanisa" na nilikuwa naona uchungu nikilisikia. Mume ndo ajibu hilo swali, sio mke, na ajibu kwa kutabasamu, "Engai (ndo Mungu kwa Kimasai) akitupa mtasikia kelele". Kama mmeamua kusubiri, ni lenu, si lazima wazee wa kanisa wajue mnatumia nini.

Ikija mimba, kliniki mapema na msiruke, na mwezi wa mwisho msikae porini kabisa. Hospitali nyingine zina nyumba ya kusubiria kujifungua, sehemu nyingine wanaita chigonela, unaenda wiki kadhaa kabla unakaa karibu na wakunga. Mimi nilikaa. Wiki ileile mvua ikakata barabara, sijui ingekuwaje. Namba ya dereva wa pikipiki na ya mwenye gari la karibu ziandikwe ukutani, mtandao ukiwa shida mjue kilima gani ukisimama unashika. Chandarua kila siku, homa yoyote kapimeni msimeze panadol mkasema ni uchovu.

Kila miezi mitatu tokeni. Siku nne tano, kwa wazazi au mjini, bila mahubiri, mlale mpaka saa tatu. Mkirudi bebeni chumvi, majani ya chai, betri za tochi, na sindano za mkono za kushonea, sindano bebeni pakiti nzima maana ya kwanza itaazimwa kabla hujafika mlangoni.