Kabla hujaitupa diski ya HD DVD, igeuze
Ukiwa na diski ya HD DVD (mfumo wa diski za filamu zenye picha angavu kuliko DVD) iliyobaki nyumbani tangu kampuni ya Toshiba ilipotangaza kuuacha mfumo huo Februari 2008, ikague pande zote mbili kabla ya kuihesabu kuwa hasara. Filamu kadhaa zilizouzwa Marekani, zikiwemo za studio za Universal na Warner, zilitolewa kwa diski yenye HD DVD upande mmoja na DVD ya kawaida upande wa pili, kwa hiyo deki ya kawaida ya DVD inaweza kuucheza upande huo wa pili. Diski ya aina hiyo hung'aa pande zote na haina picha juu yake. Jina la kila upande limeandikwa kwa herufi ndogo kuzunguka tundu la katikati. Deki ikikataa kusoma, igeuze diski na ujaribu tena. Utapata picha ya mistari 480 badala ya 1080, jambo linaloumiza kwa mtu aliyelipia picha angavu, lakini filamu utaitazama. Njia hii haifai kwa diski ya upande mmoja, na deki ya Blu-ray, mfumo ulioshindana na HD DVD, haitakuokoa: ingawa mifumo yote miwili hutumia leza ya buluu, data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, ilhali ya HD DVD iko milimita 0.6. Vilevile upande wa DVD huenda umefungwa kwa kanda ya 1 (eneo la mauzo lenye Marekani), ilhali deki za Afrika Mashariki ni za kanda ya 5, isipokuwa zile zinazocheza kanda zote.